Reli peke yake haifufui mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sisi wapangaji wa jijini. Husemwa mara kwa mara kwamba njia ya mwendokasi ikipita penye viwanda vilivyokufa, mtaa utafufuka wenyewe. Mimi sikubaliani, na mfano wangu ni mji wa Manchester, Uingereza, ambako nilipata kukaa nikisoma.

Mji ule ulitajirika kwa pamba. Viwanda vilipofungwa, mitaa ya mashariki ikabaki magofu. Mwaka 1992 walirudisha tramu, yaani treni nyepesi za umeme zinazopita hata katika barabara za mji, baada ya kuziacha zile za zamani mwaka 1949. Mwaka 2013 zikafika mashariki.

Msomaji atazame vituo viwili vinavyofuatana katika njia hiyo. Cha kwanza, New Islington, kimezungukwa na maghorofa mapya. Cha pili, Holt Town, tramu zilisimama kwa miaka mingi penye viwanja vitupu. Reli ni moja. Tofauti imetoka wapi? New Islington ilikuwa na mpango na fedha za umma kabla ya reli kufika. Kadhalika bandari ya Salford ilifungwa mwaka 1982, halmashauri ikanunua sehemu kubwa ya ardhi, ikasafisha maji na kujenga barabara. Tramu ilifika mwaka 1999, kazi hiyo ikiwa imekwisha fanyika.

Lakini liko swali la pili: mtaa umefufuka kwa ajili ya nani? New Islington imejengwa mahali pa nyumba za halmashauri zilizoitwa Cardroom, jina la chumba cha kuchania pamba kiwandani. Nyumba zile zilibomolewa. Baadhi ya wenyeji walijengewa mpya papo hapo. Wengine walihama, na jina la mtaa likatoweka.

Sasa turudi nyumbani. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, na moja ya vituo vyake linaitwa Urafiki, jina la kiwanda cha nguo kilichofunguliwa mwaka 1968. Njia nyingine inafuata Barabara ya Nyerere, penye viwanda vingi. Ardhi ya kandokando itapanda bei, na kodi itaifuata.

Watu watasema Magomeni Kota wenyeji walirudi. Ni kweli, na ni jambo la kusifiwa: mwaka 2022 kaya 644 zilifunguliwa nyumba mpya. Lakini wale walikuwa wapangaji wa Serikali, majina yao yakijulikana. Sisi wa Manzese tumepanga kwa watu binafsi. Nyumba ikiuzwa, mwenye nyumba atalipwa. Mpangaji hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alikaa pale miaka ishirini.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wapangaji waandikishwe kabla nyumba ya kwanza haijabomolewa, na sehemu ya viwanja vya viwanda vya zamani itengwe mapema kwa nyumba za kodi nafuu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akija mwenyeji akahama, amemponya nani?

Mpangaji,
Manzese,
Dar es Salaam.