Kuunga neti kwa jirani Wesha: tumfunge au tumpe leseni?

Leo kuna jambo linanikereketa, naomba tulijadili bila jazba.

Wesha wengi tunaijua kwa bandari yake na majenereta ya dizeli yaliyoipa Pemba umeme, mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipotufikia mwaka 2010. Kuunga umeme kwa jirani kwetu si neno geni: mita moja, nyumba mbili, mwisho wa mwezi mnachangia. Sasa fikra hiyo hiyo inahamia kwenye intaneti. Kijana analipia laini ya nyumbani, ananunua ruta ya pili, anapitisha waya juu ya mapaa, anawauzia majirani vocha za siku. Mwanafunzi wa skuli anapata neti kwa bei ndogo kuliko bando la simu. Ubaya uko wapi?

Tuseme ukweli: kisheria, upo. Posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafika mpaka Pemba. Ukitoa huduma ya mawasiliano kwa umma kwa malipo, unatakiwa uwe na leseni ya TCRA. Bila hiyo ni faini, jela, au vyote viwili. Na mikataba ya laini za nyumbani kwa kawaida inakataza kuuza tena. Kampuni ikikubaini, inakata, na majirani waliokwisha kulipa watakuja kukudai wewe.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana wengi hawaifikirii. Nyumba zote 10 zinaonekana huko nje kwa anwani moja ya IP. Jirani wa nyumba ya saba akimtapeli mtu mtandaoni, mlango wa kwanza kugongwa ni wa mwenye laini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inafanya kazi Zanzibar. Kama huna daftari la nani alitumia lini, utajiteteaje?

Halafu kuna hesabu. Laini ya Mbps 20 ikigawiwa nyumba 10 zinazoangalia video usiku kwa wakati mmoja, kila moja inabaki na 2. Hapo ndipo ugomvi wa barazani unapoanza.

Pamoja na hayo yote, mimi sikubali kwamba dawa ni kumkamata kijana huyu. Anaziba pengo ambalo wakubwa hawajaliziba. Leseni za TCRA zinapangwa kwa ngazi: kimataifa, kitaifa, mkoa na wilaya. Hata hiyo ya wilaya ni mzigo kwa mtu mwenye ruta mbili na wateja 10. Na tusisahau, Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe wafunge kamera. Masharti ya namna hiyo humfukuza mdogo, au humfanya ajifiche.

Wenzetu Kenya mwaka 2021 walipitisha utaratibu wa leseni kwa mitandao ya kijamii ya mitaani, yaani wananchi kujiunga na kuendesha neti yao wenyewe. Kwa nini sisi tusiwe na leseni ya shehia? Ada ndogo, usajili kwa jina, daftari la watumiaji, na kampuni iuze laini inayoruhusu kugawiwa. Sheha anamjua kila mtu mtaani kwake, aanze yeye kwa kumtambulisha mwombaji.

Mpaka hapo, ushauri wangu kwa vijana wa Wesha: msiuze kimyakimya. Jikusanyeni kikundi, mkaiombe kampuni mkataba wa biashara kwa maandishi, na muwaulize TCRA Zanzibar kabla ya kutandika waya. Mwenye karatasi mkononi hasemi kwa kunong'ona.

Hayo ni yangu. Nyie mnasemaje wadau? Nawakilisha.