Misitu ya dunia: hesabu inaanza mwaka gani?

Kuna ripoti za misitu ambazo Afrika inakuwa mkiani. Mwaka 2020, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilihesabu hekta bilioni 4.06 za misitu duniani, na hekta milioni 178 zilizopotea tangu 1990. Kati ya 2010 na 2020 Afrika ilipoteza karibu hekta milioni 3.9 kila mwaka, kuliko bara lingine lolote. Amerika ya Kusini ilipoteza milioni 2.6. Asia na Ulaya, zenyewe, ziliongeza. Congo peke yake ilikuwa inapoteza hekta milioni 1.1 kwa mwaka, ya pili nyuma ya Brazil.

Ukizisoma namba hizo hivi hivi, utasema Wazungu wanapenda miti na Waafrika wanaichukia. Lakini hesabu hiyo inaanza 1990. Ulaya ilikata misitu yake karne nyingi mbele ya hapo, kwa ajili ya mashamba, meli na kuni. Mwanzoni mwa karne ya 19, Ufaransa ilikuwa imebaki na karibu hekta milioni 9. Leo iko na karibu milioni 17. Na miti haikurudi juu ya roho nzuri ya watu peke yake. Makaa ya mawe yalichukua nafasi ya kuni, vijana wakahamia mijini, mashamba ya milimani yakaachwa. Mwenye alimaliza kukata zamani, hesabu inamkuta anapanda.

Jumla ya bara nayo inaficha mengi. Katika miaka hiyo kumi China iliongeza karibu hekta milioni 1.9 kwa mwaka, wakati Indonesia inapoteza karibu 750,000. Zikijumlishwa, Asia inaonekana iko salama. Kumbe shamba la miti ya mbao, mstari kwa mstari, nalo linahesabiwa msitu. Mnyama wa porini hawezi kukubali hesabu hiyo.

Brazil iko na funzo lake. Mwaka 2004 Amazon ilipoteza zaidi ya kilometa za mraba 27,000. Mwaka 2012 ilikuwa chini ya 5,000. Serikali ilifuata wakataji kwa satelaiti, ikatoza faini, ikazuia mikopo ya benki kwa wenye kuvunja sheria. Hiyo inawezekana pale mkataji ni tajiri wa ng'ombe au wa soya. Congo, sehemu kubwa ya miti inaangushwa kwa shoka na panga: shamba dogo la mihogo au mahindi, halafu makala ya kupikia katika miji ambayo kartie nyingi hazina umeme. Mtu ambaye hajawahi kuingia benki, utamzuilia mkopo gani?

Sasa kuna tarehe nyingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023: kahawa, kakao, mbao na mazao mengine machache hayataingia soko lake kama yametoka kwenye shamba ambalo msitu wake ulikatwa kisha ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeshaahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria iko. Mkulima wa Ulaya, ambaye babu wa babu yake alifyeka, hana wasiwasi. Mkulima wa kakao wa Beni ambaye alikimbia vita na kufungua shamba jipya mwaka 2021, yeye iko upande mbaya wa tarehe, hata kama alifyeka nusu hekta tu.

Na hata mwenye shamba la zamani atatakiwa kulithibitisha: kila kipande kiwe na alama zake za GPS, zinazoonyesha kakao imetoka wapi. Koperative yenye simu nzuri na watu wa kuzunguka mashambani itaweza. Ile ambayo wanachama wake hawawezi kufika shambani juu ya usalama, itapimaje?