52, 56, 60: Hesabu Isiyomfaa Kila Mtu

Ushauri unaochapishwa mara kwa mara ni huu: nunua weji, yaani fimbo za gofu za mapigo mafupi, zenye mwinamo wa uso wa nyuzi 52, 56 na 60, umemaliza. Si kweli, na Mpemba ndiye anayeumia zaidi. Kisiwa chake hakina kiwanja cha gofu. Ili acheze humlazimu apande boti Mkoani, avuke hadi Unguja, kisha aende Mangapwani kwenye kiwanja cha mashimo 9. Mkoba mzito usio na faida ni mzigo bure.

Hesabu ianze na pitchingi weji aliyonayo tayari. Pitchingi weji za zamani zilikuwa na nyuzi 48 hivi. Nyingi za leo zina 43 hadi 46. Mwenye ya 43 akifuata ushauri huo anabaki na pengo la nyuzi 9 kabla ya kufika 52, na hapo mpira wa umbali wa katikati hana fimbo ya kuupigia ila kwa kubahatisha. Huyo anahitaji 49 na 55. Mwenye ya 48 zinamtosha 52 na 56.

Tena kuna tumbo la fimbo, yaani upande wa chini wa kichwa chake. Mchezaji gofu Gene Sarazen alilinenepesha chini ili lisizame mchangani, akashinda mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1932. Kwenye mchanga laini tumbo nene huokoa. Kwenye ardhi ngumu ya kiangazi hudunda, na mpira hupigwa kichwani.

Kanuni huruhusu fimbo 14 tu. Kabla ya kununua, pima nyuzi za pitchingi weji yako.