Lita kwa Saa Hazisafishi Maji

Mwenye tangi la lita 400, yaani la sentimita 120 kwa 60 kwa 55 hivi, akiomba ushauri wa chujio, jibu analopewa limeshazoeleka: zidisha mara kumi, ununue pampu ya lita 4,000 kwa saa. Kanuni hii inarahisisha biashara. Muuzaji anaonyesha namba kwenye boksi, mteja anaridhika, hasara inamwangukia samaki.

Tuanze na namba yenyewe. Mara nyingi hupimwa pampu ikiwa tupu, haina sponji wala mpira wa kupandisha maji. Jaza chujio vitu vyake vyote, liache lishike uchafu wiki kadhaa, kisha kinga maji yanayotoka kwa ndoo ya lita 10 huku ukitazama saa. Pampu ya lita 4,000 ingeijaza ndoo hiyo kwa sekunde tisa. Ikichukua sekunde 20, una lita 1,800, na boksi halikukwambia.

Lakini hata namba ingekuwa ya kweli, bado ingejibu swali lisilo lenyewe. Kinachoua samaki ni amonia anayoitoa yeye mwenyewe, hasa kwa matamvua, na pampu haiondoi hata tone lake. Kazi hiyo ni ya bakteria: huigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanataka mahali pa kujishika na oksijeni tele. Kwa hiyo muulize muuzaji chujio linabeba lita ngapi za sponji na mawe yenye vitundu. Wengi hawana jibu, kwa sababu hawajawahi kuulizwa.

Kwa wanaofuga samaki wa maziwa yetu, Tropheus wa Tanganyika au mbuna wa Nyasa, jambo hili halina mzaha. Maji yao ni ya alkali. Katika nyuzi joto 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia katika umbo lake la sumu; pH ikifika 9, ni zaidi ya theluthi.

Sisemi mzunguko hauna maana. Hufikisha kinyesi kwenye chujio na kutikisa uso wa maji ili hewa iingie. Ila kazi hiyo inafanywa vizuri na kipampu cha pembeni cha bei nafuu, na samaki wenye mapezi marefu hawapendi kuishi ndani ya mto.

Kisha kuna umeme, jambo ambalo ushauri wa kuazima kutoka nchi zisizo na mgao haugusi kabisa. Chujio la mtungi, lile linalosifiwa kuliko yote, limefungwa kabisa. Umeme ukikatika, bakteria waliomo wanaendelea kutumia oksijeni iliyobaki mpaka iishe, na baada ya saa kadhaa wanaanza kufa. Fungua mtungi uliolala usiku kucha bila umeme: utakutana na maji ya kahawia yenye harufu ya mayai viza. Umeme ukirudi alfajiri, yote hayo yanasukumwa tangini. Asubuhi samaki wanaelea, na mwenyewe analaumu chakula.

Mimi ningechagua tangi la chini, lile linalowekwa kabatini likapokea maji yanayoshuka kutoka juu. Linabeba sponji nyingi na liko wazi kwa hewa. Sharti lake ni moja: liachiwe nafasi ya kutosha, maana umeme ukikatika maji ya juu yataendelea kushuka kidogo, na zulia la sebuleni halitasamehe.

Kabati likiwa dogo, nunua machujio mawili ya wastani, moja liwe la sponji kubwa linaloendeshwa na pampu ya hewa yenye betri. Hilo halitazimika na lile jingine. Tena utayaosha kwa zamu, kwa maji uliyochota tangini, si ya bomba yenye klorini. Sponji ikamuliwe tu matope yatoke, wala usihangaike ing'ae kama mpya: kuing'arisha ni kuwaondoa bakteria uliowalea miezi mizima.