Pikapu Kuukuu za Karatu na Heshima ya Fundi

Mgeni afikaye Karatu siku ya mnada hawezi kukosa kuyaona. Ni magari ya pikapu ambayo umri wake unazidi ule wa madereva wake. Uso ni wa Land Rover ya zamani. Injini ni ya dizeli, iliyotolewa katika gari la aina nyingine kabisa. Springi zimeongezwa majani. Na bodi ya nyuma imeundwa upya kwa vyuma vya pembe, ili libebe vitunguu vya Mang'ola au mahindi ya Ganako kupita katika njia ambazo gari jipya la mjini lingekwama.

Wako wanaoyacheka. Wapo hata watumishi wa umma wasemao kwamba hayo ni makopo, na kwamba dawa yake ni moja tu: yakamatwe yote na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Rai hiyo ni nyepesi, na yafaa ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Injini ngeni haiingii kwa hiari katika chesisi isiyo yake. Hapana budi vitako vyake vikatwe na kuchomelewa upya. Bamba la kuiunganisha na giaboksi lazima litobolewe kwa kipimo kamili, kwa sababu likipotoka kidogo tu, klachi italalamika na beringi zitakufa kabla ya wakati wake. Propela lazima ifupishwe au irefushwe, kisha isawazishwe isije ikatikisa gari zima. Fundi afanyaye haya chini ya mti, bila mchoro, anatumia jometri na fizikia kila saa, ingawa hajui kuyaita kwa majina hayo. Mwalimu wa hisabati akimwona mtu huyo, amwite mjinga?

Tena, kazi hii si ngeni katika sehemu hizi. Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, na ndani yake John Wayne anaonekana amekaa juu ya kiti kilichofungwa mbele ya pikapu, akikimbiza wanyama wa kukamatwa kwa ajili ya mabustani ya ng'ambo. Hakuna kiwanda kilichotoa gari la namna ile; lilirekebishwa kufuata kazi iliyokusudiwa. Hata leo, mtalii asimamaye ndani ya gari na kumtazama faru katika Kreta ya Ngorongoro anasimama katika kazi ya mchomeleaji: paa limekatwa ili liinuke, na mara nyingi chesisi nayo imerefushwa katika gereji za Arusha. Gari hilo tunaliheshimu kwa kuwa linaleta fedha za kigeni. Lile la vitunguu tunalicheka. Lakini ujuzi ni ule ule.

Kibaha nako, katika miaka ya 1980, wataalamu wetu waliunda lori wakalipa jina la Nyumbu, mnyama ambaye watu wa Ngorongoro wanamjua vizuri kwa safari zake zisizokoma. Jina hilo lilitangaza imani kwamba Mtanzania anaweza kuunda gari. Imani hiyo haifai kuishia katika jina.

Hata hivyo, kumsifu fundi kusitufanye tufumbe macho. Gari lililoongezewa nguvu bila kuongezewa breki ni jeneza lenye magurudumu. Miteremko ya Karatu haina huruma: tarehe 6 Mei 2017, basi lililobeba wanafunzi lilitumbukia katika korongo huko Rhotia, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Basi lile halikuwa pikapu ya kuungwaungwa, na wala hatusemi kwamba fundi ndiye aliyekosa. Tunasema kwamba anayeishi kando ya barabara hiyo hana haki ya kulichukulia jambo la breki kwa mzaha.

Basi njia ni ipi? Wamarekani walikutana na swali hilo hilo. Baada ya vita vya 1939–1945, vijana wa California walikuwa wakichukua magari makuukuu ya Ford, pikapu zikiwamo, wakiyapunguza uzito, wakiyatia injini zenye nguvu na kushindana barabarani. Magari hayo yakaitwa hotirodi, na wananchi wengi wakataka yapigwe marufuku. Mwaka 1951, Wally Parks na wenzake wakaunda chama cha NHRA, wakaweka kanuni, wakataka kila gari likaguliwe kabla ya kushindana, na kuanzia mwaka 1954 wakatuma msafara wa kufundisha usalama mji hadi mji. Msafara huo wakauita kwa neno letu wenyewe: Safari. Wao waliazima neno letu. Sisi nasi tunaweza kuazima busara yao.

Kwanza, mkaguzi wa magari amwelekeze fundi kabla ya kumwadhibu. Amwonyeshe breki zinazolingana na injini aliyoitia, na uzito ambao chesisi inaweza kuuchukua. Pili, utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa uwafikie mafundi hawa walipo, wapimwe, na wanaostahili wapewe vyeti. Tatu, na hili ni la walimu: sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Mkondo huo hauwezi kuishi kwa chaki peke yake. Mwalimu awapeleke wanafunzi gereji, na fundi akaribishwe shuleni. Mmoja ana kanuni, mwingine ana mkono. Kila mmoja ana pungufu ambalo mwenzake analijaza.

Pikapu kuukuu ya Karatu si aibu ya wilaya. Aibu ni kuiacha ishuke mlima bila breki zilizokaguliwa, na kumwacha aliyeiunda azeeke bila kumrithisha mtu ujuzi wake.