Barua ya wazi kwa taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI, Kisian: mtawapimaje wazee wetu?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Utafiti wa afya ya wazee ukifika vijiji vya ziwa, tutaupokea vizuri. Ombi langu linahusu jambo linaloamuliwa kabla mtafiti hajabisha hodi: ni nani atakayeandikwa mzee dhaifu.

Kipimo mashuhuri cha udhaifu huo ni cha Linda Fried na wenzake, Marekani, mwaka 2001. Kina dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye tatu ni dhaifu. Ufupi wake unapendeza. Lakini orodha ya shughuli zilizoulizwa kule ilikuwa na gofu, tenisi na kukata nyasi za uani. Bibi wa ufuo wa Dunga anayeanika omena tangu alfajiri, akaigeuza, akakimbilia kuianua mvua ikitanda, kazi yake haimo. Huenda akaonekana hajishughulishi. Akiulizwa kama wiki iliyopita kila jambo alilifanya kwa kujikaza, atasema ndiyo, maana analea wajukuu waliofiwa na wazazi. Dalili mbili hizo, ilhali bado anabeba ndoo ya maji kichwani.

Kinachonisumbua zaidi ni mipaka. Kwa Fried, mshiko hafifu ulikuwa wa ile moja ya tano ya chini kati ya Wamarekani aliowapima, mwendo vilevile. Mkiazima namba zake, mtalinganisha wavuvi na wakulima wetu na wastaafu wa mbali. Mkichukua kila mnapopima moja ya tano ya chini ya wazee wa hapa, basi hata Nyanza nzima ikipata nguvu, moja ya tano watatoka hafifu. Ikikumbwa na njaa, ni hao hao moja ya tano. Hatutajua hali inaboreka au inazorota.

Dawa mnayo. Mwaka 2001 mlianza kufuatilia vizazi na vifo kule Asembo. Wapimeni wazee wa huko, kisha mwangalie nani alianguka, nani alilazwa, nani alifariki. Mpaka uwekwe pale hatari inapoanza kupanda. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walishatengeneza kipimo kifupi cha mazingira yao, sisi tusishindwe.

Namba zenu zinaweza kugusa hata misaada. Pesa ambazo serikali huwapa wazee kupitia mpango wa Inua Jamii leo hutolewa kwa umri, kuanzia miaka 70, si kwa hali ya mwili. Siku serikali itakapotaka kujua nani ahudumiwe kwanza, itaazima namba zenu. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, leteni maswali yenyewe barazani, kwa Dholuo na Kiswahili, wazee wayakosoe.

Wako,
Mkazi wa Nyalenda, Kisumu