Upinde wa Esau

Kijana mmoja wa vijiji vya kusini mwa Pangani aliniletea upinde na podo nivibariki. Anapanga kuwinda swala Saadani (kondoo wa mwitu huku kwetu hatuna). Nilikataa. Kuwinda si dhambi: Isaka alimtuma Esau porini na upinde, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hadi leo hula kwa mshale. Lakini Saadani ni Hifadhi ya Taifa. Akikamatwa ni kesi, na mkewe ni mjamzito. Tukasoma Mwanzo 27. Esau angali porini, wana-mbuzi wawili wa nyumbani walitosha kumlisha baba. Hila ya Yakobo siitetei. Wewe je, zizini kwako umetazama? Kijana ana mbuzi watatu. Jumamosi naenda kulibariki zizi.